Jiwe Lisilo na Nambari

Mume wangu alitaka kitu kimoja duniani, nacho kilikuwa nambari. Ujanani alipelekwa Hadhramaut, kwa babu zake, na huko akalikuta jiwe katika ukuta wa kisima, limechongwa maandishi ya watu walioishi kabla ya Uislamu. Alitaka jiwe hilo liingie katika vile vitabu vikubwa vya wataalamu wa Ulaya, vinavyokusanya maandishi yote ya kale ya Waarabu wa kusini, ya Wafoinike, ya Waaramu na jamaa zao. Kila jiwe mle lina nambari yake, na chini yake maelezo ya Kilatini. Jiwe lisilo na nambari, aliniambia, wataalamu hawalijui, na wasilolijua wao ni kama halipo.

Nilipoolewa katika nyumba yao ya Mji wa Kale, Mombasa, vitabu vilikuwa vitatu, vizito vya kuumiza mgongo. Viliwekwa juu ya kabati, mbali na mchwa na mbali na mimi. Yeye alikuwa karani forodhani. Akisharudi, akaswali alasiri na kunywa kahawa, alivishusha na kukaa navyo hadi magharibi, kamusi ya Kilatini pajani. Kilatini alijifunza peke yake, neno moja moja. Mavyaa wangu, yaani mama yake, alikuwa akisema mwanawe amejisumbua na lugha ambayo hata wenyewe wameikimbia. Nami nilicheka, maana nilikuwa mgeni, na kucheka pamoja na mavyaa ni nusu ya ndoa.

Pamoja na vitabu palikuwa na bweta refu la bati, na ndani yake karatasi sita nene zilizoviringishwa. Alizitengeneza mwenyewe kule kisimani, kwa namna aliyofundishwa na msafiri mmoja wa Kizungu. Namna gani, hakuniambia. Aliniambia tu kwamba zina maneno ya watu wa kale. Siku moja nilizichungulia, nikakuta hazina wino hata tone. Maneno niliyaona katika daftari lake, alimoyanakili kwa kalamu, herufi zimesimama wima kama vigingi. Basi nikajua daftari ndilo lenye mali, na karatasi zile ni tupu, anazitunza tu kama wanaume wanavyotunza vitu vyao.

Vita vikaja, barua za Ulaya zikakatika. Profesa mmoja wa wakusanyaji wa vitabu vile, aliyekuwa akiandikiana naye, alinyamaza miaka. Katikati ya vita binamu yake wa Hadhramaut alileta habari kwamba kisima kimejengwa upya, jiwe limepasuliwa, na vipande vyake vimetiwa kwenye hodhi la kunyweshea mbuzi. Mume wangu alinisomea barua ile, akaikunja, akasema alhamdulillahi karatasi zipo. Nikaitikia alhamdulillahi, kwa jiwe nisilolijua na karatasi nisizozielewa.

Vita vilipokwisha barua ikafika. Profesa alikuwa hai, juzuu mpya ilikuwa inakamilishwa, na jiwe la kisimani limewekewa nambari yake. Lakini alizitaka karatasi zenyewe. Nakala ya kalamu haitoshi, aliandika, maana mkono hukosea. Sijapata kumwona mume wangu vile. Alimbusu mama yake kichwani, akavaa kofia kinyume, akaniambia meli ya barua inaondoka keshokutwa na karatasi zinakwenda kwa wazee wakubwa wenye elimu yao. Akaenda kazini.

Mtu asiyelelewa Mombasa hataelewa nilichofanya, na aliyelelewa ataelewa mara moja. Kwetu kitu hakitoki nyumbani kwenda kwa watu na mikunjo. Nguo za bibi arusi, leso ya zawadi, hata kitambaa cha kufunikia sinia la vitumbua vya jirani, hupigwa pasi na kufukizwa udi. Mpokeaji akiona mkunjo hamlaumu mume, humlaumu mke. Nilizitoa karatasi. Zilikuwa na mabonde na vilima kila mahali, nami nikadhani ni unyevu wa bahari wa miaka yote ile ya kungoja. Niliona haya. Nikatia makaa kwenye pasi, nikazinyunyizia maji kama ninavyonyunyizia kanzu, nikazipiga zote sita, mbele na nyuma, mpaka zikalala kama shuka. Kwenye ya nne niliona umbo lililoinuka, mfano wa kibao cha kukalia. Nikashangaa, nikalipitia mara mbili kwa kuwa lilikuwa kaidi. Kisha nikazifukiza udi. Mavyaa alipita, akanisifu.

Alasiri aliporudi alitabasamu mlangoni, akadhani harufu ile ni ya kumkaribisha mgeni. Nikamwonyesha kazi yangu. Aliichukua karatasi ya kwanza, akaipeleka dirishani, akaiinamisha ili mwanga uipitie ubavuni, akaipapasa kwa kidole. Akaichukua ya pili. Akaenda hivyo mpaka ya sita.

"Umezifanyani?"

"N'mezipiga pasi," nikamwambia. "Zalikuwa na mikunjo."

Akakaa kitini. Ndipo akanieleza, kwa sauti ya chini, jambo ambalo angenieleza siku ya kwanza. Karatasi hulowanishwa, hubandikwa juu ya jiwe, hupigwa kwa brashi mpaka izame ndani ya kila herufi. Ikikauka hubanduliwa, na maandishi yote huwa yamo katika yale mabonde na vilima. Wino hauna kazi hapo. Asiyejua maana haambiwi maana, walisema wahenga. Mimi nasema angeniambia. Nilimkasirikia pale pale, katikati ya aibu yangu, na hasira ile sijaimaliza yote hadi leo.

Hakunifokea, wala hakunisema kwa mama yake. Ni heri angenisema. Alizituma karatasi vivyo hivyo, pamoja na nakala ya daftari na barua ndefu ya kueleza. Sijui aliwaelezaje wazee wale habari ya pasi na udi.

Barua yake haikujibiwa. Kilichokuja, baada ya mwaka na zaidi, ni kitabu chenyewe. Alikifungua mezani baada ya chakula cha mchana, nami nikasimama nyuma yake, maana kukaa sikuweza. Nambari zilipita ukurasa kwa ukurasa, na ile aliyoahidiwa ilikuwa imepewa jiwe jingine. Mwishoni palikuwa na orodha fupi ya mawe yaliyotajwa na watu lakini hayakuthibitika. Jiwe lake lilikuwa humo, mstari mmoja, bila nambari na bila jina lake yeye. Nikamwomba anisomee. Akanitafsiria polepole: jiwe la kisimani, lasemekana, nakala ya mkono wa mwenyeji mmoja, si ya kutegemewa.

"Mwenyeji huyo ndiwe?" nikamwuliza.

"Ndimi."

Nilidhani atawakasirikia. Lakini vitabu vile alikuwa amevisadiki tangu ujana wake, na hakuweza kuacha kuvisadiki kwa sababu tu sasa vinamsema yeye. Alianza kulifungua daftari na kuitazama nakala yake kama kazi ya mtu mwingine. Alisema pengine alikosea mstari wa tatu. Juma lililofuata ukawa ni wa pili pia. Kufikia Maulidi alikuwa akisema kwamba alikuwa kijana, jua lilikuwa kali, na huenda lilikuwa jiwe tu lenye mikwaruzo ya kamba za ndoo.

Hilo sikulivumilia. Nilimwambia maandishi yalikuwapo, kwa kuwa mimi niliyaona, na baada yangu hakuna aliyeyaona tena. Nikachovya kidole katika kikombe cha maji, nikamchorea mezani lile umbo la karatasi ya nne: miguu miwili, ubao juu yake, na kijiti kimesimama katikati. Nilikuwa na hakika nalo, ila juu ya karatasi ile ni wapi na chini ni wapi sikupata kujua, wala hakuniuliza. Nimeliota mara nyingi kuliko nilivyomwota mama yangu marehemu.

Aliinama, akalitazama. Nilimwona akitumaini, nami nikatumaini. Akakifungua kitabu cha kwanza penye ukurasa wa herufi zao zote, akapitisha kidole kutoka juu hadi chini, kisha akarudia tena.

"Hini haimo," akasema. "Herufi kama hini hawana."

Akakifunga kitabu, akaniambia nisilie, kwani labda sote wawili hatukuona kitu.