Mama Mkwe na Mwani wa Sebuleni

Tangi langu la maji ya bahari linakaa sebuleni, Kasulu, ambako bahari watu wengi wameiona kwenye runinga tu. Nililitoa Tanga, kwenye hoteli nilikokuwa fundi wa pampu na mafriji. Hoteli ilipofungwa, mwenye mali aliniachia tangi lake dogo: mawe yaliyoota matumbawe laini, konokono kadhaa, na samaki wawili wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe. Mke wangu, ambaye ni muuguzi na kwao ni huku, alikuwa amehamishiwa hospitali ya hapa. Nikamfuata na samaki wangu kwenye mifuko ya maji. Chumvi yake maalumu naagiza Dar es Salaam, naikoroga kwenye maji ya mvua. Umeme ukikatika, pampu inakwenda kwa betri ya sola.

Majirani walikuja kushangaa, wakazoea. Aliyelipenda hasa ni mama mkwe wangu, aliyetoka Munanila kuja kutolewa mtoto wa jicho. Mkwe na mama mkwe hawakai wakitazamana usoni, si kwa Waha wa huku wala kwetu pwani. Lile tangi likatusaidia. Yeye alikaa upande wake, mimi karibu na mlango, tukazungumza huku wote wawili tunatazama samaki.

Baada ya muda mawe yakaanza kuota mwani wa kijani, mrefu kama nywele. Nikapima maji kwa matone ya dawa. Naitreti ilikuwa juu, fosfeti nayo juu, maana yake maji yalikuwa na mbolea kupita kiasi. Nikapima maji ya mvua, hayakuwa na kitu. Nikasafisha chujio, mwani ukazidi. Siku moja nikakuta ganda la haragwe limenasa kwenye jiwe, na chini yake makombo ya ugali wa muhogo.

Sikuweza kumwambia mama mkwe mwenyewe. Nilimwambia mke wangu, naye akazungumza na mama yake jikoni, mimi nikiwasikia.

"Mama, wale samaki wanakula mara moja tu kwa siku, tena kidogo."

"Mara moja? Kwenye nyumba ya mkwe wangu?"

"Ukiwazidishia, maji yanaharibika."

"Ego," alisema. Ndiyo. Kesho yake akahamishia kiti chake barazani.

Nilipaswa kutulia hapo. Badala yake nilisugua mawe kwa mswaki, nikabadilisha maji mengi mara kwa mara, nikaweka chembechembe za kunyonya fosfeti, na samaki nikawapa chakula cha kuhesabu punje. Vipimo vikasoma sifuri. Nilifurahi, nikamwita mke wangu aje aone kioo kilivyotakata.

Kisha matumbawe yakaanza kujikunja na kupauka. Mchanga ukafunikwa na utando wa kahawia unaoteleza, wenye mapovu, na konokono wakafa mmoja mmoja. Nikampigia simu mwenzangu wa zamani wa Tanga.

"Umewatia njaa," alisema. "Matumbawe yanaishi kwa uchafu kidogo wa samaki. Ukiumaliza wote, yanadhoofika, na ule utando unapata nafasi. Ondoa hizo chembechembe, acha kubadilisha maji, lisha."

Nikaenda barazani. Mama mkwe alikuwa anachambua maharage. Nilichuchumaa kando yake, nikatazama ule ungo.

"Mama, naomba unisaidie kulisha samaki."

Hakuacha kuchambua. "Mliniambia nisiwalishe."

"Kile cha jikoni ndicho kilichowadhuru. Chakula chao ni hiki. Na mimi nimewapunja, sasa wanaumwa."

Akapokea kopo nililomnyooshea, akalinusa. "Kinanuka dagaa," alisema, akainuka.

Nilimpa kijiko kidogo cha dawa ya watoto, akawa analisha asubuhi na jioni. Nilipopima, naitreti ilikuwa imeanza kuonekana tena, kidogo, nami nikaiacha. Utando ulichukua wiki nyingi kuondoka. Ulipungua, ukarudi, ukapungua tena. Matumbawe ya kahawia yakafunguka. Lile la zambarau, nililolipenda kuliko yote, liliyeyuka likaisha.

Kiti chake alikirudisha sebuleni mwenyewe. Siku moja alichovya kidole majini, akaonja, akakunja uso. Akaniuliza kama kweli kwetu watu wanaoga humo. Nikamwambia ndiyo, na watoto wanaogelea. Akataka kujua wanavyotoa chumvi mwilini baadaye, tukaliongelea hilo hadi chakula kikaiva.

Mvua zilipoanza alirudi Munanila kupanda maharage. Sasa nalisha mimi. Kioo cha nyuma kina mwani mwembamba wa kijani, na siusugui, kwa sababu konokono wapya wanaula. Wiki nyingine naitreti inapanda, napunguza chakula. Wiki nyingine inashuka, naongeza, nasubiri.