Sahani ya Jirani wa Juu

Mwezi wa Ramadhani mtaani kwetu Mji Mkongwe, wanaume hufuturu nje barazani, na kila nyumba hutoa sahani yake. Sisi wanawake tunakuwa ndani, mlango umerudishwa nusu, tunapitisha vyakula na kusikiliza mazungumzo. Nilizipenda magharibi zile kuliko Idi yenyewe.

Sahani iliyogombaniwa ilikuwa ya jirani yetu wa juu, bibi wa Kingazija. Mkate wake wa kumimina ulinukia iliki mpaka uchochoroni. Alikuja Unguja akiwa kijana, akaolewa, akafiwa na mume, na miaka yote hiyo hakupata karatasi hata moja ya kumkalisha nchini. Mtaani tulilijua hilo kama tulivyojua paa la nani linavuja.

Mwaka mmoja zikaenea habari kuwa sheha, mkuu wa serikali mtaani, atapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani hana kitambulisho. Jioni ile baraza ikawaka. Ami yangu, ambaye angebishana hata na kivuli chake, akashika upande wa sheria.

"Nyumba isiyo mlango si nyumba," alisema, kipande cha mkate mkononi. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Asiye na karatasi arudi kwao."

Mama akamjibu kutoka nyuma ya mlango: "Jembe kashapewa, shemegi. Mavuno yake ndiyo hayo unayotafuna."

Wakacheka wote, hata yeye.

Kwetu ubishi wa barazani ni wa kunogesha kahawa. Leo ami alitaka wageni waondoshwe. Kesho angetaka wapewe mashamba, ilimradi apate wa kumpinga. Sisi tulimjua. Tulichosahau ni dirisha la juu, lililokuwa wazi kwa ajili ya joto, na mtu ambaye ubishi ule ulikuwa maisha yake.

Asubuhi ami alikwenda kwa sheha bila kumwambia mtu, akasema yule bibi ni wetu, yeye atamdhamini. Sheha akakubali kumsaidia. Ami akarudi mbio, akapanda ngazi kumpa habari, akakuta mlango una kufuli. Tuliulizia mitaa ya Ng'ambo, tukaulizia mashamba kwa jamaa wa marehemu mumewe. Hakuna aliyemwona.

Sahani ya jirani hairudishwi tupu, ndivyo tulivyolelewa. Yake, yenye maua ya buluu, ilibaki jikoni kwetu tangu futari ile, ikingoja kutiwa kitu. Mpaka leo sijala mkate wa kumimina ukanikolea, na nyumbani hakuna anayethubutu kuipakulia sahani ile chakula chetu.

Ami siku hizi habishani. Ramadhani hii, wenzake walipokwisha kuondoka kwenda kusali, aliniita mlangoni.

"Naam, ami."

"Ile sahani mshairudisha?"

"Bado."

Alikuwa ameniuliza kwa sauti ya chini, huku akitazama dirisha la juu.