Freni Iliyokuwa Inapiga

Daktari alisema neno moja tu la maana, mengine yote niliyasahau: mke wangu asitikisike. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimetoka. Hii ya tatu walikuwa wameifunga kwa uzi kwenye mlango wa kizazi, na uzi huo ndio ulikuwa unamshika mtoto wetu. "Papa, asitikisike," akarudia, akiniangalia mimi, si yeye. Nikaitika ndiyo, docteur, kama mtu mwenye gari. Gari gani? Nilikuwa na pikipiki, tena nzee, na tunaishi juu kule Kasha, kwenye njia ambayo teksi ikionekana ujue imepotea.

Kila juma alipaswa kushuka mjini kupimwa. Na ndipo pikipiki nayo ikaanza wazimu wake. Nikikamata freni ya mbele kwenye mteremko, haikushika sawasawa. Ilikamata, ikaachia, ikakamata, ikaachia, na mkono wa freni ukawa unanisukuma vidole kama kitu chenye uhai. Usukani unatetemeka, na yule aliyekaa nyuma anarushwa mgongoni mwangu, tumbo mbele. Kila pigo nilisema moyoni, basi, uzi umekatika. Mke wangu alishika koti langu kwa mikono miwili na kunyamaza. Angepiga kelele ningevumilia, lakini kule kunyamaza kulinimaliza.

Faraja yangu ilikuwa moja. Alipokuwa ameniegemea hivyo, mtoto alinipiga mateke mgongoni njia nzima.

"Anakusalimia," mke wangu aliniambia.

"Ananitukana. Na iko na haki."

Pale tunapopaki kungoja abiria, motards wenzangu wote, waendesha pikipiki kama mimi, waligeuka mainjinia. Mmoja alisema ni barabara tu, mashimo haya yatatulia lini? Mwingine akasema kaza usukani, umelegea. Nikaukaza hadi ukawa mgumu kugeuza, na freni ikapiga vilevile. Wa tatu akasema plaquettes zimekwisha, vile vipande vinavyobana diski, ile sahani ya chuma inayozunguka na gurudumu. Nikaweka mpya. Aka! Ikawa mbaya zaidi, kwa sababu sasa zilikuwa na nguvu za kukamata vizuri ule ubaya. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikaipiga pikipiki teke, nikaumia kidole cha mguu, na bado ilinibidi kucheka mbele ya mgonjwa nisimtie hofu.

Nilikuwa naogopa vibaya sana. Usiku nikifumba macho vidole vyangu bado vinapigwa.

Mwishowe nikaacha kusikiliza watu. Niliinua gurudumu la mbele juu ya tofali, nikachukua waya mmoja wa gurudumu la baiskeli, nikaufunga kwenye mguu wa pikipiki kwa kipande cha mpira, ncha yake ikawa karibu kabisa na diski bila kuigusa. Halafu nikazungusha gurudumu taratibu. Kimya. Kimya. Khrr. Kimya, kimya, khrr. Palepale, kila mzunguko. Diski yenyewe ilikuwa imepinda.

"Iko voilée," nikamwambia mke wangu kupitia mlango. Ndivyo tunavyosema kwetu kwa chuma kilichopinda, na ni neno lilelile la bibi-arusi aliyefunikwa veli.

"Voilée?" akajibu kutoka kwenye godoro lake. "Ile pikipiki yako iko na veli, na miye uliniowa bila veli?"

Nilicheka mpaka machozi, halafu yale machozi yakakataa kukauka.

Diski ya pikipiki ya zamani namna ile haipatikani. Niliulizia mjini kote, nikaulizia hadi Minova kwa simu. Fundi mmoja akachukua nyundo akitaka kuninyooshea ile ile iliyopinda, nikamnyang'anya nyundo. Diski si sufuria, wewe! Ndipo mtu akanielekeza kwa mzee mmoja huko Miti, mwenye pikipiki kama yangu iliyokufa zamani. Nikaikuta kwenye banda la kuku, kuku wawili wamelala juu ya kiti. Nilimweleza mzee habari yangu yote, mimba zilizotoka, uzi, mteremko wa Kasha. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akawafukuza kuku.

"Toa ile diski," akasema. "Na umusalimie maman."

Nikarudi naimba. Nikafunga diski, nikarudisha ule waya, nikazungusha. Khrr. Yesu Maria! Nilikaa chini kwenye udongo nikashika kichwa. Kesho yake ndiyo ilikuwa siku ya hospitali, jua limeshaanza kushuka, na bado khrr. Nikaifungua tena kwa hasira, na kumbe mahali diski inapokaa kwenye gurudumu palikuwa na kutu na matope yaliyokauka yakawa jiwe. Ukikaza diski iliyo sawa juu ya takataka, nayo inapinda. Nikakwangua kwa kisu, nikasugua kwa msasa hadi chuma kikang'aa. Bulo, zile bolti zake, nikazikaza kidogo kidogo kwa kuvuka, hii kisha ile inayoitazama. Nikazungusha. Kimya mzunguko mzima.

Nilitoka kuijaribu peke yangu, na nilishuka kama tunavyoshuka wote huku: mashini umeizima kuokoa benzini, pikipiki inateremka kwa uzito wake, freni ndiyo inabeba kila kitu. Mkono wa freni ulitulia kabisa vidoleni. Chini kwenye kijito nikasimama kuosha matope, kama tunavyofanya wote. Nikachota maji kwa bidoni, nikainua juu ya gurudumu. Ile sauti nikaisikia kichwani kabla sijamwaga. Tsss! Sauti ya maji baridi juu ya diski ya moto. Sisi motards tunaipenda sauti ile, tunasema freni imekunywa.

Mkono ukaniganda hewani. Kumbe ndivyo ilivyopinda! Tunaichoma mteremko mzima, halafu tunainywesha maji ya kijito. Ningemwaga yale maji, diski ya mzee wa Miti nayo ingevaa veli palepale, na kesho ningemrusha tena mke wangu. Nikamwaga maji kando, nikakaa kusubiri mpaka diski ikashikika kwa mkono. Wapita njia waliniuliza kama nimefiwa.

Asubuhi tulishuka na mashini inaunguruma, gia ya kwanza, mguu kwa mguu na watembeao. Nilikamata freni kwenye kila kona na hakuna kilichopiga. Laini! Nilitaka kupaza sauti. Ndipo nikagundua kwamba mgongoni pia hakuna kilichopiga.

Nikangoja. Kona nyingine, kisha nyingine. Tumbo lilikuwa limenigusa kama siku zote, na lilikuwa limenyamaza.

"Hapigi?" nikauliza.

"Tangu tutoke hapigi," mke wangu akasema, na sauti yake nikaitambua, ilikuwa ile ya mimba mbili za kwanza.

Sikumbuki tulivyofika. Nakumbuka muuguzi anasogeza kile chombo cha kusikilizia juu ya tumbo, chini, pembeni, anarudia, na mimi nimesimama na kofia yangu ya pikipiki kifuani. Majuma yote yale nilikuwa nimemwomba Mungu kitu fulani kiache kupiga. Sasa nikamwomba, Baba, si hicho, ulinisikia vibaya. Nirudishie kile cha freni kama unataka, hiki kipige.

Muuguzi akasimamisha mkono. Kikapiga. Haraka haraka, mbio kabisa.

"Alilala," akasema. "Mumemubembeleza njiani. Watoto wa tumboni wanapenda barabara laini."

Nilitoka nje nikalia ukutani bila aibu.

Wakati wa kurudi mke wangu alipanda polepole, akaniegemea. "Papa wa mutoto," akasema, "rudisha ile diski ya zamani. Ile ilikuwa inamuamusha."

"Nyamaza, maman, usinichokoze."

Tukapanda taratibu. Kwenye kona ya mwisho kabla ya kwetu nilipigwa teke moja la nguvu, chini ya mbavu. Nikakamata freni, nikasimama katikati ya njia, na walio nyuma yangu wakapiga honi hadi wakachoka.