Chuma cha Bibi Asunta

Harufu ya bizari tamu ikinipitia puani, miguu yangu hutaka kushuka ngazi. Pasipo na ngazi hubaki nimesimama tu, kama juzi dukani Brooklyn Center, pakiti ya viungo mkononi, na nyuma yangu mama mmoja mwenye toroli anasubiri nimpishe. Alikohoa mara tatu. Nilikuwa mbali. Nilikuwa na miaka tisa, nimevaa soksi mbili mbili, nashuka ngazi kumi na nne za nyumba ya Bibi Asunta kule Saint Paul.

Ilikuwa miaka ya tisini. Baba alikuwa akisomea shahada yake chuo kikuu, mama akihudumia wagonjwa hospitalini, nasi tulipanga ghorofa ya juu ya nyumba ya mbao iliyochoka rangi. Chini aliishi mwenye nyumba, Bibi Asunta, mjane wa Kiitaliano, mfupi, mwenye nguo nyeusi siku zote na sauti ya kumwita mtu wa mtaa wa pili. Mimi nilikuwa mtoto wa kujiamini kupita kiasi. Mama alikuwa akisema nilizaliwa na maoni yangu tayari. Sikuona kosa hapo. Mtu asiye na maoni anashinda akifanya nini?

Wiki yetu ya tatu mle ndani, theluji ikiwa imepanda hadi dirishani, ndipo harufu ile ilipotufikia huko juu. Niliifuata mpaka mlango wa jikoni kwake. Bibi Asunta alikuwa ameshika koleo refu la chuma, na mwishoni mwake visahani viwili vinavyofungana kama kitabu, ndani vimechongwa maua na herufi mbili. Alitia kijiko cha rojo, akafunga, akaweka juu ya moto, akaanza kunong'ona. Akageuza, akanong'ona tena. Alipofungua, ilitoka biskuti nyembamba kama karatasi, na maua yake yote. Aliziita pizzelle. Ile minong'ono ilikuwa sala: Salamu Maria moja upande wa kwanza, Baba Yetu upande wa pili. Kijijini kwao, alinieleza kwa Kiingereza chake cha kukatakata, jikoni hakukuwa na saa, kulikuwa na sala.

Akaninyooshea moja. Nami nikanyoosha mkono, lakini mama, aliyekuwa amenifuata, akanishika bega. Akauliza kwa adabu chuma kile kinapakwa mafuta gani. Bibi Asunta akaonyesha kopo la mafuta meupe, ya nguruwe.

"Asante sana, bibi, ila sisi Waislamu hatuli," mama akasema.

Mama akarudi juu kwenye kazi zake. Mimi nilibaki mlangoni, nikameza mate mpaka bakuli la rojo likaisha. Sikulia. Nilitaka bibi aone ninavyojua kujizuia.

Siku mbili zilizofuata tulisikia kelele kutoka chini: kwaru, kwaru, kwaru, asubuhi mpaka jioni. Baba alinung'unika kwamba hawezi kusoma. Mimi nilitoa maoni kwamba bibi anatengeneza bomba. Mama aliacha vyombo kwenye sinki akasimama akisikiliza. Siku ya tatu Bibi Asunta alipanda ngazi zote na magoti yake mabovu, akaja kutuita. Mezani kulikuwa na bakuli jipya, chupa ya mafuta ya zeituni ambayo haijafunguliwa, na kile chuma, sasa cha kijivu kinachong'aa. Chupa aliifungua mbele ya macho ya mama. Nilikula saba.

Tangu hapo nikawa mwanafunzi wake kila Jumamosi. Tatizo likawa saa. Mama hakutaka nisome Salamu Maria. "Kila mtu na saa yake," alisema, basi tukajaribu mpaka tukapata kipimo: Alhamdu moja upande wa kwanza, na upande wa pili Alhamdu pamoja na Kulhuwallahu. Baba akauliza kama jambo hilo linafaa. "Kumtaja Mungu jikoni si dhambi," mama akamjibu. "Kuunguza chakula ndiyo dhambi." Haikupita miezi mingi nikawa fundi, na mtu wa kwanza kutangaza habari hiyo nilikuwa mimi mwenyewe.

Nasi tulikuwa na chuma chetu huko juu: kikaango cha vitumbua ambacho bibi yangu wa Tanga alimpa mama, cheusi tii. Nilikatazwa kukigusa kwa sabuni. Niliamini kwamba huo ni uvivu wa mama, na kwamba ameutafutia jina zuri.

Nilipotimiza miaka kumi na moja, mama nami tukawa tunakwenda Tanga kwa likizo, na ndege ilikuwa ipitie Roma. Bibi Asunta aliposikia alikuja juu tena. Hakuwa amekanyaga kwao tangu alipoolewa. Alituomba tushuke naye Roma, tumsindikize kijijini kwao, milima ya Abruzzo, siku sita tu. Kule alikuwa na dada yake mdogo, Filomena, na ugomvi wao ulikuwa mmoja: kile chuma. Kilikuwa cha mama yao, herufi zile mbili ni za jina lake, na alimwahidi Filomena. Asunta alikificha kwenye sanduku la arusi akaondoka nacho. Toka siku hiyo barua zao zikawa za misiba peke yake. Sasa alitaka kukirudisha.

"Asipokipokea," alimwambia mama, "mimi sina kwetu tena."

Alisema mikono yake inatetemeka, kwa hiyo chuma nilikibeba mimi. Uwanja wa ndege askari aliniuliza ni kitu gani. Nilimweleza tangu unga mpaka sala, akaniruhusu nipite, nadhani ili ninyamaze. Tulipofika Roma mkono ulikuwa umekufa ganzi.

"Mama, it's so heavy."

"Sema Kiswahili au nyamaza ubebe."

Nikanyamaza nikabeba.

Basi lilipanda milima nusu ya siku. Tulisimama kwenye mji ambao mafundi wake hugonga masufuria ya shaba barabarani, na mama akagonga moja kwa kucha, akatikisa kichwa kwa heshima kama mtu aliyesalimiwa vizuri. Mji mwingine wanawake wazee walikaa vizingitini na mito mapajani, wakifuma lesi kwa vijiti vingi vidogo vinavyogongana. Mmoja aliinua upindo wa mtandio wa mama, akautazama mshono, akasema neno. "Amesema si mbaya," Bibi Asunta akatafsiri. Mama alifurahi safari nzima.

Filomena alikuwa mrefu kuliko dada yake na mkavu kama kuni. Alitubusu wote, hata mama, bila kutabasamu. Mezani alikuwa na fremu ya mbao iliyokazwa nyaya. Alitandaza kinyunya juu yake, akapitisha mti wa kusukumia, na tambi zikadondoka chini zimekatika sawasawa. Pembeni kulikuwa na bakuli la rojo, linanukia bizari tamu. Bibi Asunta akanipa ishara. Nikafungua kitambaa, nikamkabidhi Filomena chuma chake kwa mikono miwili, kama nilivyofundishwa kumpa mtu mzima kitu.

Alikifungua. Alikinusa. Akapitisha kidole gumba juu ya maua, kisha uso wake ukakunjamana. Alisema maneno machache, akakiweka mezani, akageukia dirisha. Bibi Asunta akaketi kwenye benchi na koti lake mwilini.

"Amesema nini?" niliuliza.

"Amesema nimemwosha mama yetu. Nimemwosha nikamwondoa."

Mama akasema polepole, "Ya Rabi," akainamisha macho. Bibi Asunta alikuwa analia bila sauti, na mimi, wasomaji wangu, nilikasirika. Mtu kavuka bahari na magoti mabovu, anasemwa kwa kuosha chombo! Kwetu kuosha vyombo ni sifa. Nikachukua chuma, nikapaka mafuta ya zeituni yaliyokuwa mezani, nikaenda nacho kwenye moto wake bila kuomba ruhusa.

Bismillahi. Kijiko kimoja cha rojo. Nikasoma Alhamdu kwa sauti, maana nilitaka wasikie kwamba najua kazi. Nilipogeuza, Filomena alikuwa ameacha dirisha, amesimama karibu yangu. Hakujua hata neno moja la nilichosoma, lakini alijua ninafanya nini. Nikaanza tena Alhamdu, naye akaanza Baba Yetu wake, chini chini, kila mmoja na lugha yake. Yeye alimaliza mbele yangu kidogo. Akanisubiri. Nikafungua, na biskuti ikatoka nzima, rangi ya majani makavu, herufi za mama yao katikati.

Filomena aliishika mpaka ikapoa. Kisha akamuuliza dada yake swali moja, na Bibi Asunta akajibu kwa ufupi. Nilidai tafsiri.

"Kaniuliza kwa nini nilikiosha. Nimemwambia, mtoto alikuwa amesimama mlangoni."

Niliona jibu hilo halihusiani na swali. Lakini Filomena alinitazama muda mrefu sana, akanipa ile biskuti, akaenda kumvua dada yake koti. Chuma alikitundika ukutani, kwenye msumari ambao nilikuwa nimeshauona na kushangaa kwa nini hauna kitu.

Kwa miaka mingi nilisimulia kisa hiki kama ushindi wangu. Mimi, Zuhura, mtoto wa miaka kumi na moja, nilipatanisha madada wawili kwa ufundi wangu wa kupika. Nimekisimulia arusini na kwenye futari, na kila mwaka nilizidi kuwa shujaa.

Juzi niliporudi na ile bizari tamu, mwanangu Idi alinipokea mlangoni akichekelea. Alikuwa ameamua kunisaidia. Kikaango cha bibi yangu, ambacho mama alinipa nilipoolewa, alikuwa amekisugua kwa sabuni na steelwire mpaka kikawa cheupe. Mafuta ya vitumbua vya bibi, vya mama, na vyangu, yote yameshuka na maji ya sinki. Nilimshukuru mtoto, nikafunga mlango wa jikoni, nikakaa chini nikalia kama niliyefiwa. Na nikiwa pale chini nikaisikia tena: kwaru, kwaru, kwaru. Siku mbili nzima. Naye Bibi Asunta hakuwa mtoto asiyejua anachokifanya. Alijua vizuri, na aliendelea, kwa ajili ya binti wa wapangaji aliowafahamu kwa wiki tatu. Pale kijijini mimi sikupatanisha mtu. Nilikuwa jibu tu.

Nikampigia mama, ambaye siku hizi anaishi kwa kaka yangu huko mji wa Savage.

"Mama, ulijua Bibi Asunta alikuwa anakwangua nini?"

"Nilijua siku ile ile. Mtu aliyekulia jikoni ataacha kuijua sauti ile?"

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

"Ningekwambia ungeona haya, ungeacha kula," akasema. "Na mwenzio alikwangua ili ule."