Redio ya Sikio Moja

Mwalimu wa kwaya alinisubiri nje ya kanisa baada ya misa ya kwanza, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema, "Mama, pumzika kidogo."

Nilidhani ananionea huruma kwa sababu ya jua. Nikamwambia sijachoka.

Akatazama viatu vyake. "Hapana, Mama. Upumzike kuimba. Siku hizi unachelewa kuingia. Wenzako wakishafika kwenye neno la pili, wewe ndiyo kwanza unaanza la kwanza."

Nilikuwa na miaka sitini na miwili. Nilikuwa nimeimba sauti ya pili katika kwaya ile tangu nikiwa msichana wa kipaimara. Sauti ya kwanza kila mtu anaisikia, hata mpita njia. Besi unaisikia kwenye mbavu. Sauti ya pili haisikiki mpaka siku ikikosekana, na hapo watu husema wimbo umepwaya bila kujua kwa nini. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na niliipenda.

Mwaka uliotangulia niliugua sikio la kushoto. Nilipata homa, sikio likatoa usaha, na lilipopona likawa la kutundikia hereni tu. Daktari mjini alinipima, akasema mshipa wa fahamu umekufa, la kulia ni zima. Na yeye sikubishana. Lakini huyu mwalimu wa kwaya nilimfundisha mimi mwenyewe kusoma nota alipokuwa mdogo, na aliponiambia nipumzike nilinyamaza, nikashika njia ya nyumbani. Kunyamaza kule kulinichoma kuliko maneno yake.

Mume wangu alikuwa amefariki miaka mitatu nyuma. Nilibaki kwenye kihamba chetu, shamba la ukoo la migomba na kahawa, juu kidogo ya Kiboriloni, na ng'ombe mmoja. Binti yangu anafanya kazi mjini Moshi na huja kunitazama kila Jumamosi. Yeye ndiye aliyegundua shida nyingine: nilikuwa silali vizuri wala siamki vizuri. Nikilalia upande wa kulia, sikio zima linazama kwenye mto, nami nakuwa kama jiwe. Majogoo siwasikii, ng'ombe akilia simsikii. Mara mbili niliamka jua limeshapanda na maziwa ya watu wanaonunua kwangu hayajakamuliwa.

"Weka simu chini ya mto, Mama," binti akasema. "Itatetemeka. Tena simu ina redio, ina saa, ina kila kitu."

"Sitaki kuamshwa kwa kutikiswa. Nataka kuamshwa na kwaya."

"Mama, lakini sikio lako..."

"Sikio langu ni moja. Ndiyo maana halitapewa makelele."

Alicheka, kisha akaona mimi sicheki. Jumamosi iliyofuata tukashuka kutafuta redio yenye saa, ya kuweka kando ya kitanda. Pesa ilikuwa yangu, ya kahawa, kwa hiyo hapakuwa na wa kuombwa ruhusa.

Tulianzia Kiboriloni sokoni, kwa sababu ni karibu. Muuzaji alikuwa ametandaza redio juu ya meza, zote zinaimba kwa pamoja, kila moja wimbo wake. "Shikamoo, bibi," akasema, na kabla sijamaliza kuitikia alishanyakua kitu cheusi chenye ukubwa wa tofali. "Hii ndiyo ya wazee. Ina tochi, ina sola, namba kubwa hizi hapa, na sauti yake mpaka jirani atakuja kulalamika."

"Nimekuomba redio, baba. Tochi ninayo."

"Bibi, hii wazee wote wanachukua."

"Basi mimi mnitoe kwenye hao wote."

Aliifungulia hata hivyo. Sauti ilitoka kama maharage yanayomwagwa kwenye sinia. Nikaitazama ile plastiki, ile mishono yake iliyopishana, lile neno lililobandikwa likiwa limepinda, nikapandwa na hasira ambayo mpaka leo sijaijutia. Kwa nini kila kitu cha mzee kiwe kibaya? Kiatu cha mzee ni kile kipana cha rangi ya tope. Koti la mzee ni la kijivu. Sasa na redio ya mzee iwe tofali lenye tochi. Mtu akizeeka macho hayafi yote. Bado naona kilicho kizuri, na kwa kuwa siku zangu zimepungua, nakiona zaidi.

Tukaendelea mpaka mjini, tukapita hospitali ya Mawenzi, binti akanipeleka kwenye duka la vifaa vya umeme lenye vioo mbele. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kiislamu mwenye kofia nyeupe safi, miwani imening'inia kifuani. Alimsalimia binti yangu, akamwuliza, "Mama anatafuta nini?"

"Mama yupo hapa," nikasema. "Mwulize Mama."

Akaniomba radhi. Lakini binti alishamdokeza kuhusu sikio, nikaona midomo yake ikifunguka. "HII, MAMA, INA SAUTI KUBWA SANA!"

Watu wawili waliokuwa wanachagua pasi wakageuka. Binti akaangalia dari.

"Mzee wangu," nikamwambia, "usinipigie kelele, mimi sipo ng'ambo ya mto. Sitaki sauti kubwa. Nataka sauti safi. Na nataka kitu kizuri, ambacho nikifungua macho asubuhi nitafurahi kukiona. Una kwaya hapa?"

"Kwaya?"

"Ya kanisani. Yoyote, mradi ina sauti nne."

Alinitazama kidogo, kisha akavaa miwani yake, na tangu hapo akaacha kuniona mgonjwa. Katika simu yake hakuwa na kwaya, akasema kwa haki kabisa kwamba hana sababu ya kuwa nayo, lakini binti alikuwa nazo. Mwenye duka akaiunganisha simu ya binti na redio ya kwanza. Ilikuwa nyeupe, inang'aa, na taa zake zilibadilika rangi, kijani, zambarau, nyekundu, kama baa siku ya mwisho wa mwezi. Nikafumba macho, nikageuza sikio la kulia. Nilisikia sauti ya kwanza na besi inayovuma kama pipa tupu. Katikati hapakuwa na mtu.

"Hapana."

"Hii inapendwa sana, mama."

"Sauti ya pili iko wapi humo?"

Akainama na yeye, akasikiliza. "Mimi siijui hiyo sauti ya pili," akakiri.

"Nitakuonyesha tukiipata."

Ya pili ilikuwa na spika mbili za kutenganisha. Akaeleza kwa furaha jinsi zinavyokaa, moja kushoto kwa kitanda, moja kulia, mpaka mtu anaona kama amelala katikati ya waimbaji. Nikamwuliza ile ya kushoto itakuwa inamwimbia nani. Akaelewa, akazirudisha kwenye boksi mwenyewe. Kisha akaenda nyuma ya duka, akakaa huko kwa muda.

Binti akaninong'oneza sikioni, lile zima, "Mama, chukua tu yoyote. Ni saa ya kukuamsha tu."

"Wewe kitanda chako ulikichagua kwa siku ngapi?"

Akaacha kunihimiza, maana kile kitanda tulikitafuta pamoja duka kwa duka.

Mwenye duka alirudi na redio ndogo ya mbao ya kahawia, pembe zake zimeviringwa, mbele imefunikwa kitambaa cha rangi ya majivu. Ilikuwa na kitufe kimoja kikubwa cha chuma cha kuzungusha, na namba za saa zilizowaka rangi ya chungwa, hafifu, kama kaa la moto lililofunikwa majivu. "Hii ina spika moja tu," akasema, safari hii kwa sauti ya kawaida. "Lakini ni nzito, imeelekea mbele, na hili boksi la mbao linaisaidia. Wateja wanaiacha kwa sababu haina taa za rangi."

Akaifungulia. Nikafumba macho.

Mwanzoni nilisikia pumzi. Waimbaji kabla ya kuingia huvuta pumzi pamoja, na mimi sikuwa nimeisikia pumzi hiyo tangu niugue. Kisha wakaingia, na chini ya sauti ya kwanza, juu ya wanaume, wakawepo wale wanawake wangu, wametulia, wanashikilia nota moja wakati wenzao wanapanda na kushuka. Nikaanza kuimba nao. Sikukusudia. Mikono yangu ilikuwa juu ya kaunta ya kioo, nikaimba ubeti mzima, na wale wa pasi wakasimama kunitazama, na binti yangu safari hii hakutazama dari.

Mwenye duka akasema taratibu, "Kumbe ndiyo hiyo."

"Ndiyo hiyo. Sasa niambie, umeme ukikatika, inasahau saa?"

"Haisahau. Ina betri ndogo humu ndani."

"Ifunge."

Siku mbili hazikuisha, shemeji yangu akaja. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, tunatenganishwa na mstari wa masale tu, ile mimea ya mpaka, na tangu msiba amejiona mwangalizi wangu. Nilikuwa nampikia mtori wa ndizi. Akapita kuangalia bomba linalovuja nyuma ya nyumba, mlango wa chumba ulikuwa wazi, akaiona.

"Shemeji, kitu kama kile kinakaa chumbani? Kilete sebuleni, wageni wakija wasikie habari."

"Wageni wakija watanikuta mimi. Habari nitawapa."

"Watu watasema. Mjane, muziki chumbani."

Nikaweka upawa chini. "Watu gani, shemeji? Wataje, niende nikawasalimie."

Akala mtori wake, akasema umekolea chumvi, akaongezewa bakuli la pili. Redio ikabaki palepale, upande wa kulia wa kitanda, juu ya kigoda ambacho nilikipiga msasa na kukipaka vanishi ili viendane.

Nilijifunza kulala upya. Sasa nalalia sikio lililokufa na kuliacha zima likitazama juu. Saa kumi na moja alfajiri inaanza yenyewe, kidogokidogo, na kuna kituo kinachopiga nyimbo za kwaya saa hizo. Mwezi wa kwanza nilisikiliza tu. Wa pili nikaanza kuimba, nikiwa bado nimejifunika blanketi, nikawa naingia pamoja nao bila kuchelewa, na hapo ndipo nilipoutambua ugonjwa wangu. Nilikuwa sichelewi kwa sababu ya uzee. Kanisani nilisimama mwisho wa mstari upande wa kulia, wenzangu wote wako kushoto kwangu, kwenye sikio lisilosikia. Nilikuwa nasubiri sauti zao zirudi kwangu kutoka ukutani. Mtu anayesubiri ukuta umwambie lini aimbe, lazima achelewe.

Mvua za masika zilipopungua, nikaenda mazoezini siku ya Alhamisi bila kumwambia mtu. Nilivaa kitenge changu cha sherehe. Nikapita mbele ya mabenchi yote, nikaenda mwisho wa kushoto, nikamwomba dada aliyekuwa pale asogee. Akasogea. Sasa kwaya nzima ilikuwa kulia kwangu.

Mwalimu akashusha mikono. "Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Mama, si tulikubaliana..."

"Wewe ulikubali. Mimi nilinyamaza."

Akatazama viatu vyake tena, na moyoni nilimhurumia, maana si mtu mbaya; alitaka wimbo wake utoke vizuri kama nilivyomfundisha kutaka. Lakini huruma yangu haikunitoa kwenye benchi. "Anza," nikamwambia. "Nikikosea, nisimamishe mbele ya wote."

Akaanza. Nikaisikia pumzi yao, nikavuta yangu. Tuliimba wimbo wa kwanza mpaka mwisho, hakunisimamisha. Wa pili, vilevile. Wa tatu ulikuwa mpya, wa haraka, umejaa mapambo, na humo niliteleza mara moja, labda mbili. Aliniangalia, mkono wake ukasita hewani, kisha ukaendelea.

Jumapili nilikuwa kwenye benchi langu la kushoto, na hakuna aliyenifuata nje kunishika mkono. Dada mmoja tu wa sauti ya kwanza, ambaye hajawahi kumeza neno, aliniambia tukiwa tunakunja majoho, "Mama, pale kwenye wimbo wa sadaka bado umechelewa kidogo."

"Nimechelewa," nikasema. "Mwambieni mwalimu apunguze mwendo."