Maji ya Kusomewa

Mama yangu ndiye aliyeniponza. Pale mtaani kwetu Temeke, kila aliyemuuliza mwanawe alisomea nini chuo kikuu, alimjibu, "Kasomea watu." Neno saikolojia lilimshinda, na mie sikumsahihisha, maana hata wenye ofisi zao mjini lilikuwa linawashinda. Wengine waliniuliza kama natafuta kazi ya kutibu vichaa. Mmoja aliniambia nimtazame usoni nimwambie anawaza nini. Nikamjibu anawaza chakula cha mchana, akanionyesha mlango.

Zamani ukimaliza chuo serikali ilikupangia kazi, unabeba sanduku lako unakwenda. Sie tulimaliza viwanda vinauzwa, watu wanapunguzwa kazini. Mwaka mzima nilizunguka na bahasha ya kaki, toka Kinondoni hadi Mwenge, viatu vimelika upande, na kila nilipobisha jibu lilikuwa lile lile: "Hakuna nafasi, dada." Nililichukia neno hilo hadi nikawa nalisikia hata nikiwa naoga.

Basi asubuhi moja nikaitwa kwenye usaili. Kampuni mpya ya sabuni ilikuwa inatafuta mtu wa kushughulikia mambo ya wafanyakazi. Nimepiga pasi blauzi, natoka hivi, namkuta mlangoni jirani yetu wa nyumba ya tatu, chupa ya maji kaificha ndani ya khanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mama yako anasema unasomea watu. Nisomee na mie. Tangu baba watoto apunguzwe kiwandani, silali. Moyo unanienda mbio, hata mchana."

Lahaula! Alitaka nimsomee dua kama shehe, niyapulizie na maji yake akanywe. Nikachemka.

"Mama, mie sisomei watu. Nimesomea watu!"

Hata mwenyewe sikujielewa. Macho yake yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi. Nikaangalia saa.

"Leo sina nafasi, mama," nikasema, nikampita mbio.

Kule kwenye usaili, bwana mwenye kampuni hakutaka hata kuona cheti. Aliniuliza kitu kimoja: "Hiyo elimu yako, umeshamsaidia nani?"

Nikafungua mdomo. Nikaiona ile khanga na ile chupa. Nikaufunga. Na yeye akafunga faili lake, akasema nafasi watampa mtu anayejua kupiga taipu.

Nilirudi nyumbani najichukia. Chupa niliikuta juu ya meza.

"Kakuachia," mama akasema. "Kasema utayasomea siku ukipata nafasi. Wala hakukasirika, masikini."

Bora angenitukana. Niliichukua ile chupa, nikaenda nyumba ya tatu vile vile, bahasha kwapani, blauzi ya usaili imelowa jasho. Nilimkuta mkekani na ungo wa mchele mapajani, anachambua kidogo, mikono inasimama, anaanza tena. Alipoiona bahasha uso ukamchangamka.

"Umepata nafasi, mwanangu?"

"Nimepata, mama."

Nikavua viatu, nikakaa karibu naye.

"Haya, niambie. Usingizi ulianza kukukimbia lini?"