Alumini Iliyong'aa Mlingotini

Picha iliyoingia kwenye simu yangu ndiyo iliyonitoa Dar. Nilikuwa nimetundika vipande vya alumini uani kwa Bi Mwanahamisi, mkulima wa mwani wa Mlingotini aliyeituma picha hiyo, vipigwe na upepo wa chumvi. Vingine nilivipaka dawa yangu ya kuzuia kutu, vingine nikaviacha vitupu. Vile vitupu vilipaswa kuliwa na chumvi, lakini kwenye picha vyote vinang'aa! Nani ataiamini dawa yangu basi? Na boti za wavuvi zinazoingojea?

Asubuhi, Kerege. Nilishuka basini njiani nikanywa chai, moyoni nimeshamhukumu mtu. Jirani wa Bi Mwanahamisi ni Fundi Shomari, anayeyeyusha alumini chakavu na kusubu sufuria. Kakwapua vyangu kaweka vingine, nikajisemea. Nani mwingine pale ana haja na alumini?

Mlingotini, kabla ya adhuhuri. Bodaboda ilinishusha mbele ya kibanda cha fundi. Nikamwamkia huku nikilitupia jicho rundo lake la chakavu.

"Marahaba. Umepoteza nini, bibie?"

"Sijapoteza kitu."

"Mbona wanipekua kwa macho?"

Nikapita hadi kwa Bi Mwanahamisi.

Uani nilivigeuza vipande. Namba nilizochonga nyuma ni zilezile. Lo! Kumbe havikubadilishwa. Ila vilijaa michirizi, hata dawa yangu imechubuka.

"Shikamoo, mama. Nani kavigusa hivi?"

"Marahaba, mwanangu. Mimi," alisema Bi Mwanahamisi, amejaa fahari. "Kila Alhamisi navisugua kwa majivu na makumbi ya nazi. Vilianza kuota ukungu mweupe, nikaona haya. Amana ya mtu nimrudishie chafu?"

Ukungu ule ndio niliokuwa nautafuta! Kazi yote ianze upya. Nilipomweleza alicheka, kisha akakunja uso.

"Kitu cha mgeni kiozee uani kwangu, watu wakitazama? Hilo siliwezi, mwanangu."

Alasiri, nikiwa na vipande vipya vya akiba nilivyotoka navyo Dar mkobani na aibu tele usoni, nilirudi kibandani. Nikamwomba radhi Fundi Shomari kwa kumdhania wizi, kisha nikamsihi anitundikie, asivisugue hata viote nini.

Akaangua kicheko. "Asubuhi mwizi, alasiri mlinzi?"

"Ndiyo, fundi."

"Vilete. Kuacha vitu vichafuke hakunishindi."

Nimejifunza kuieleza kazi yangu kabla ya kushuku watu. Alipokwisha kuvitundika nilipanda bodaboda, na ilipoondoka niligeuka, nihakikishe tu kama bado vinaning'inia. Vilikuwepo, na Shomari alikuwa amesimama kando yavyo, ananitazama mimi.